Mkurugenzi wa Sehemu Tupu

Haya nitakayosimulia hayakutokea kwetu. Kwetu hayawezi kutokea, na ndiyo maana tunaweza kuyasikiliza tukiwa tumekaa kitako, bila kugeukageuka kuangalia nani amesimama nyuma. Yalitokea katika Jamhuri Tukufu, nchi ya mbali ambayo viongozi wake wana hekima nyingi mno, hata raia hawakuachiwa kidogo ya kutumia wenyewe.

Mtukufu Kiongozi wa nchi hiyo alikwenda kwenye mkutano wa marais. Wakati wa chakula alikalishwa kati ya wakuu wawili ambao nchi zao zilikwisha kurusha vyombo angani. Jirani wa kulia alizungumza na jirani wa kushoto habari za mwezi, wakipitishia maneno juu ya kichwa chake, naye akala samaki wake peke yake. Aliporudi nyumbani hakusema na mtu siku tatu. Siku ya nne ikaundwa Wizara ya Anga na Mambo ya Juu.

Wizara ilikuwa kamili. Ilikuwa na Idara ya Nyota, na Idara ya Mwezi yenye manaibu wawili, mmoja wa mwezi mwandamo na mwingine wa mwezi mpevu, ambao hawakusalimiana. Ilikuwa na Kitengo cha Jua, kilichofunga ofisi saa kumi na mbili jioni kwa kukosa kazi. Vilivyokosekana ni vitu viwili tu: roketi, na mahali pa kuirushia. Roketi walipewa mafundi wa matangi ya maji, kwa kuwa umbo walikuwa wanalijua. Mahali alitumwa kupatafuta Bwana Seuta Mhando.

Seuta alikuwa mpima ardhi, mtu wa miaka hamsini na moja, mpole, asiyechelewa kazini. Katika miaka ishirini na sita ya utumishi hakuwahi kupandishwa cheo, wala hakuwahi kumdhuru mtu. Alikabidhiwa Fomu Namba Tisa. Sheria ilisema roketi isirushwe mahali wanapokaa watu, kwa kuwa uhai wa raia ni hazina ya Taifa. Kwa hiyo fomu ilikuwa na mstari mmoja muhimu kuliko yote: *Idadi ya wakazi.*

*

Uwanda wa Nenguri uko mwisho wa ramani, pale ambapo wachoraji huchoka na kuandika jina la kiwanda kilichochapa. Ni nchi ya mawe meusi na chumvi, pana, kimya, ambako mtu akikohoa hugeuka kuangalia nani amekohoa. Gari la Wizara lilikufa siku ya saba. Dereva akabaki kulilinda lisiibiwe na mawe, na Seuta akaendelea kwa miguu, darubini ya kupimia begani.

Maji yalimwishia siku ile ile. Kesho yake mchana, akiwa anakwenda kwa magoti, alisikia mtu anaimba kutoka chini ya ardhi. Akajua amekwisha kufa, na akashangaa kwamba hata ahera kuna waimbaji wabaya kiasi kile.

Aliyekuwa akiimba ni Loshiro, aliyesimama ndani ya kisima. Visima vya Nenguri ni virefu, vina vidato ukutani, na wachotaji husimama ndani, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo za ngozi na kuimba ili mikono isipoteze mwendo. Loshiro alikuwa fundi wa kisima na mwenye sauti mbaya kuliko wote. Mbuzi waliipenda. Wakiisikia tu walikuja mbio kutoka upande wowote wa uwanda.

Mke wake, Selengei, ndiye aliyemuuguza Seuta. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kovu kidevuni, aliyempa maziwa kwa kijiko siku kumi na moja, kama mtu anayezima moto kidogo kidogo. Homa ilipomwachia, alimshika mkono akamtoa nje usiku akapate hewa.

Seuta alikuwa mtumishi wa Wizara ya Anga kwa miezi mitano, na hakuwa ameinua uso hata mara moja. Sasa aliinua. Nyota zilikuwa nyingi hata giza lenyewe lilikosa pa kukaa. Zilishuka mpaka ukingo wa ardhi, zikawaka kati ya miguu ya mbuzi waliolala wima. Katikati lilipita lile wingu jeupe ambalo watu wa pale waliliita Vumbi la Mifugo, na kimondo kimoja kikachana anga polepole, bila haraka, kama mtu anayefungua barua ya furaha. Seuta alihisi mashavu yake yameloa.

"Huko kwenu mnazo?" Selengei akauliza.

"Tunazo, dada, ila chache. Taa zinazifunika."

"Poleni sana," alisema Selengei, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Basi ukiondoka chukua zile za upande ule," akasema Loshiro. "Sisi hizi zinatutosha."

Walimwonyesha Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, na jinsi ya kujua kwacho mvua itakuja lini. Walimwonyesha nyota ya kwenda nayo na nyota ya kurudi nayo. Mchana Seuta alipima na kuhesabu. Visima vilikuwa saba, watu mia mbili kumi na wanne.

"Kila siku unaandika nini, kaka?" Selengei alimuuliza siku ya mwisho.

"Habari za mahali hapa."

"Na sisi umetuandika?"

"Nyote."

"Na Loshiro?"

"Na Loshiro."

"Basi ongeza kwamba ana sauti mbaya, wakuu wenu wasije wakamwita kuwaimbia."

Wakacheka wote watatu. Loshiro alimsindikiza mpaka kwenye gari, ambalo dereva alikwisha kulifufua, mwendo wa siku mbili, akiwa amembebea darubini.

*

Katibu Mkuu wa Wizara alikuwa Bi Pendeza Kasembe, mama mnene wa sauti laini, ambaye hakuwahi kumfokea mtumishi hata mmoja. Aliipokea Fomu Namba Tisa, akavaa miwani, akaisoma, akavua miwani.

"Mwanangu Seuta, kazi nzuri. Ila hapa kwenye wakazi mwandiko umeteleza. Pameingia tarakimu."

"Niliwahesabu mwenyewe, mama. Ni mia mbili kumi na wanne."

"Milango yao ina bawaba?"

Seuta hakuelewa.

"Bawaba, mwanangu. Mlango ufunguke, ufungike."

"Wanatumia ngozi, mama. Wanainua tu wanapita."

"Ahaa!" Bi Pendeza alifurahi kwa niaba yake. "Kifungu cha kumi na nne kinasema mkazi ni mtu anayeishi nyuma ya mlango wenye bawaba. Wasio na bawaba ni mapito, kama nzige au upepo. Mapito hayana nafasi kwenye fomu." Alimmiminia chai, akamsogezea sahani ya visheti. "Ujue Mtukufu amekwisha kutangaza tarehe. Na kuna cheo kipya, Mkurugenzi wa Sehemu Tupu. Nimelifikiria jina lako. Miaka ishirini na sita si haba."

Seuta alikula kisheti kimoja. Alijiambia kwamba hata hivyo watu wale watahamishiwa mahali pazuri zaidi, penye zahanati. Alijiambia kwamba asipoandika yeye ataandika mwingine, tena kwa mwandiko mbaya. Kisha akachukua kalamu, akakata tarakimu tatu, na juu yake akaandika neno moja la herufi sita: *Hakuna.*

Baadaye, katika usiku mwingi aliokosa usingizi, alipekua kumbukumbu zake akimtafuta mtu aliyemtisha siku ile. Angemshukuru sana mtu huyo. Lakini hakuona bastola, wala ngumi mezani, wala hata jicho kali. Aliona visheti tu, na sukari iliyomwagika kidogo kwenye sahani.

*

Kuhamisha watu wasiokuwepo kuna taabu zake. Malori hayaruhusiwi kutoka bila hati ya mzigo, na hati haikuweza kutaja watu, maana hawakuwepo. Ofisa wa usafirishaji, kijana msomi, alilitatua jambo hilo kwa usiku mmoja. Hati ilipofika mezani kwa Mkurugenzi wa Sehemu Tupu kugongwa mhuri, ilisomeka: *Mawe ya asili: makubwa 131, madogo 83. Jumla 214. Angalizo: mawe mawili yana mimba.*

Seuta aliitazama hati ile mpaka chai yake ikaota utando. Kisha akagonga mhuri. Siku hizo alikuwa na feni mezani, na feni ilipeperusha hati kabla wino haujakauka, ikabidi ainame aiokote sakafuni.

Mawe yalishushwa kwenye kambi nyuma ya gereza la wilaya, penye taa kubwa nane zisizozimwa. Mkuu wa kambi aliandika barua ya malalamiko kwamba mawe yanaomba maziwa, na kwamba jiwe moja la kike, lenye kovu kidevuni, linauliza kila asubuhi alipo mpima ardhi, kwa kuwa lina hakika akisikia atakuja kuwasaidia. Barua ilipelekwa kwa anayehusika. Anayehusika alikuwa Seuta. Aliiweka kwenye droo, juu yake akaweka faili, juu ya faili akaweka faili jingine.

Kule Nenguri visima sita vilijazwa kifusi ili magari yapite. Kimoja kiliachwa kwa ajili ya chai ya askari. Mbuzi hawakupakiwa, kwa kuwa hati ilisema mawe. Walibaki wakizunguka kisima kile, na habari hiyo ilipomfikia Loshiro kambini, alilala macho usiku mmoja, kisha akatoka kwenye uzio akaanza kurudi kwa miguu.

*

Siku ya kurusha ilipambwa vizuri. Jukwaa lilikuwa na mazulia, na roketi ilisimama imepakwa rangi za bendera, ingawa jua lilipoipiga vizuri maneno *Lita Elfu Kumi* yalionekana chini ya rangi. Waziri wa Anga, Mheshimiwa Tundwe, alihutubia saa mbili.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wenzetu walikwenda angani wakiwa na elimu. Mtu mwenye elimu akifika angani, ajabu iko wapi? Sisi tunakwenda bila hiyo! Na hapo, ndugu zangu, ndipo ushujaa ulipo!"

Wananchi, ambao walikuwa watumishi wa Wizara walioletwa kwa mabasi, wakapiga makofi. Ndipo, makofi yalipokwisha, Seuta akasikia.

Alikuwa amekaa safu ya tatu, nyuma ya Bi Pendeza. Sauti ilitoka chini ya ardhi, mbali kidogo, mbaya mno. Aligeuka. Hatua kama mia tatu kutoka jukwaani, kwenye kile kisima cha mwisho, mbuzi thelathini walikuwa wamesimama wakitikisa mikia.

Akainama mbele. "Mama, kuna mtu kisimani."

"Wapi, mwanangu?"

"Pale penye mbuzi. Namjua. Anaitwa Loshiro. Tusimamishe kwanza, nikamtoe."

Bi Pendeza aligeuka, akamtazama kwa huruma. "Fomu yako inasemaje?"

"Inasema hakuna."

"Basi hakuna. Kaa, Mtukufu anatutazama."

Akakaa.

Kuhesabu kukaanza. Kwa nchi nyingine jambo hili huchukua sekunde kumi, lakini Jamhuri Tukufu ina heshima zake. Kila namba ilisomwa na mkubwa mmoja, kwa mpangilio wa vyeo, na kila mkubwa alitanguliza salamu. Kumi ilisomwa na Mkuu wa Mkoa, aliyeeleza kwanza mafanikio ya mkoa. Tisa ilichelewa, kwa kuwa manaibu wawili wa Idara ya Mwezi waliigombania. Nane iliombewa dua. Kwenye saba Seuta alijiambia, wakifika sita nasimama. Walipofika sita alijiambia, tano. Mtu wa miaka hamsini na moja, hata mwenye kitambi, angetembea hatua mia tatu, akamvuta mwenzake kwa mkono, akarudi, na kahawa ya wageni isipoe. Kuhesabu kulichukua dakika arobaini, na kwa dakika zote arobaini Loshiro aliimba, na mpima ardhi alishika ukingo wa kiti chake kwa mikono miwili kana kwamba kiti ndicho kitakachoruka.

Zilipobaki namba za mwisho, Mtukufu Kiongozi alikataa kusoma moja, kwa kuwa ni ndogo, na sifuri aliiona ni tusi. Akashauriana na Waziri, kisha akasimama na kutangaza kwa sauti nzito: "Kumi na moja!"

Roketi ikaondoka. Ilipanda mpaka urefu wa mlingoti wa bendera, ikasita kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikageuka, ikapita juu ya vichwa vya safu ya mbele, ikakimbia kandokando ya ardhi ikitawanya mbuzi, na kuingia kisimani kichwa chini.

Wimbo ukakatika.

Kisha Mheshimiwa Tundwe akashika kipaza sauti. "Wengine wote," alisema, akihema, "wamechunguza anga la juu. Leo Jamhuri Tukufu imekuwa nchi ya kwanza duniani kuingia anga la chini!" Mizinga ikapigwa. Bi Pendeza alilia kwa furaha, akampa Seuta mkono.

*

Jioni ile Seuta aliletewa Fomu Namba Kumi na Mbili, ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyedhurika. Penye *Waliofariki* aliandika: *Mmoja. Loshiro, fundi wa kisima.*

Bi Pendeza alivaa miwani, akavua. "Asiyekuwepo hafi, mwanangu," alisema kwa upole, na akamwita mtu alete visheti.

"Sitaki visheti, mama. Nataka atolewe azikwe."

Akapelekwa Ofisi ya Marekebisho. Huko alikaa wiki tatu kwenye benchi, na alipoitwa alihojiwa na bwana mmoja mwangalifu sana.

"Unasema walikuwepo watu Nenguri. Umejuaje?"

"Nilikaa nao siku ishirini. Niliugua, wakaniuguza."

"Lakini Nenguri hakukuwa na mtu yeyote. Hii ni saini ya nani?"

"Yangu."

"Basi kama hakukuwa na mtu yeyote, nawe ulikuwako, wewe si mtu. Na kama wewe ni mtu, saini hii ni ya uongo, nayo imegongwa mhuri na Serikali, na Serikali haisemi uongo. Chagua."

"Nilikuwako," alisema Seuta.

Bwana yule alihuzunika kidogo, akafungua daftari la watumishi, akalikata jina lake kwa rula. Kuanzia siku hiyo Seuta Mhando hakuwepo. Cheo chake alipewa mwingine, feni ikiwemo.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Miaka ishirini na sita nilingoja cheo hicho. Ungeniambia bei yake, ningengoja mingine." Akamfungia chakula cha safari, bila kumuuliza anakwenda wapi.

*

Kambini taa nane zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Selengei alikuwa amekaa mbele ya hema, amekonda, anasuka kamba. Alimwona Seuta akija toka mbali na hakuinuka.

Seuta alikuwa ameyapanga maneno siku nzima njiani. Yote yalimponyoka. Alisimama mbele yake akasema tu, "Dada, ni mimi niliyeandika kwamba hampo."

"Tunajua," Selengei akajibu. "Alikuja nani mwingine? Mwanzoni nilidhani hujapata habari. Baadaye nikaelewa kwamba habari umezipata."

"Na Loshiro, siku ile... Nilimsikia anaimba. Nilikuwa na nafasi ya kumtoa. Nilikaa."

Habari za roketi kisimani zilikwisha kufika kambini, ila hilo hakuwa analijua. Mikono yake iliacha kusuka. Akamtazama kwa muda mrefu, na Seuta, ambaye alikuwa ameomba moyoni apigwe, hakupigwa.

"Nisamehe," alisema.

"Aliyekosewa yuko kisimani. Mimi siwezi kumjibia." Selengei akaanza tena kusuka. "Hii ni kamba ya kumtolea. Shika ncha hiyo, uivute, isilegee."

Kamba ilipotimia wakaondoka, watu kumi na saba pamoja na Seuta, wakatembea usiku kwa nyota ya kurudi nayo na mchana wakalala kwenye vivuli vya mawe. Pale Kituo cha Anga askari wa lango waliwaona vizuri. Lakini daftari la lango lilisema mahali pale hapana watu, na kukamata mtu mahali pasipo na watu ni kosa la kinidhamu. Waliandika: *Upepo, wa wastani, umebeba majembe,* wakarudi kupika chai.

Seuta ndiye aliyeshuka. Hakuna aliyemwamuru, na hakuna aliyejitolea kumpokea. Alikata bati la roketi kipande kwa kipande, akafunga kamba, wakavuta. Siku kumi na tisa alichimbua kifusi kwa mikono, kucha zikamtoka, na kila jioni alipandishwa juu akiwa hawezi kufumba vidole. Siku ya ishirini alimfikia Loshiro. Alimfunga kwenye ngozi ya ng'ombe, akampandisha mgongoni mwake kidato kwa kidato, akimwambia mambo ambayo waliokuwa juu walijifanya hawayasikii. Wakamzika asubuhi. Seuta alisimama nyuma ya wote.

Mchana wake maji yalirudi, kwanza tope, halafu safi. Mbuzi waliosalia walinywa, wakanywa watu, na wa mwisho akanywa Seuta, akiwa amepiga magoti kwenye hori. Usiku uliposhuka nyota zilikuwa zile zile, zimejaa mpaka ukingoni, zisizo na taa ya kuzifunika. Aliziangalia mara moja tu, akaona haya, akainamisha kichwa.

Selengei akaja akasimama karibu naye. Aliweka jembe chini, mbele ya miguu yake.

"Kuna vingine sita," alisema. "Lala mapema."